Mfuniko

Jumamosi usiku kibanda cha Chaurembo hakitengenezi kitu.
Pasi na feni zilale na vidonda vyao.
Tunavuta mabenchi hadi ukingo wa mtaro, hapa Magomeni Mapipa,
kila mtu na chake: kanda, santuri, flashi.
Sheria ni moja:
ukileta wimbo, useme ulikukutia wapi.

Lwitiko hasimulii, anabishana.
"Sikilizeni besi. Mwimbaji ni mapambo tu."
Wake ulimkutia Ubungo, enzi za duka la kaya,
yuko kwenye foleni ya sukari, kadi mkononi,
mtu wa mbele yake ana redio begani.
Yule mtu akachoka kusubiri, akaondoka.
Lwitiko naye akaondoka, nyuma yake, hadi Manzese,
asiikose chemko.
Mkewe hajaisahau chai ya wiki ile.

Sikudhani huleta taarabu, kanda imefungwa kwenye leso.
Hutuomba tusimtazame ukifika ubeti wa tatu.
Hatumtazami. Tunahesabu mabasi ya mwendokasi.
Ubeti unapita, anapenga kamasi, anasema,
"Alikuwa mrefu."
Basi.
Jumamosi iliyotangulia alisema,
"Viatu vyenyewe vya kuazima."
Tunamuunga kidogo kidogo, mwanamume yule.

Mimi sina ila kanda moja, ya marehemu baba,
wino wa jina la bendi ulishakimbia.
Baba hakuwa na waya wa kurekodia.
Aliazima redio ya jirani, akaiweka juu ya kigoda,
redio kaseti yake akaielekeza mbele yake
kama watu wawili wanaoposana,
akatuamuru nyumba nzima tusipumue.

Tulipumua.
Mnasikia? Anayekohoa ni bibi.
Huyo anayelia, msinicheke, ni mimi.
Na pale gita la solo linapopanda,
linapokaribia kusema lililolitoa kwao,
paa! mfuniko wa sufuria sakafuni,
unazunguka, unazunguka, unalala.
Halafu mama, kwa mnong'ono:
"Yarabi, nisamehe."

Baba alinuna siku mbili,
akaisikiliza miaka thelathini.
Sauti ya mama niliyobaki nayo ni hiyo, maneno mawili,
na sijui hadi leo
kama alikuwa anamwomba Mola
au baba.

Sasa juzi akaja Fanueli, kijana wa bajaji.
Kaupata wimbo wenyewe kwenye simu, umeoshwa, unang'aa.
Akaunganisha spika. "Leo mtausikia bila takataka."
Kweli bwana.
Tumba unazihesabu kiganja kwa kiganja.
Kumbe na manyanga yamo,
miaka yote yalikuwa yamezikwa chini ya kikohozi cha bibi.
Gita likaanza kupanda.
Lwitiko akaacha kubisha.
Chaurembo, bisibisi hewani.
Tukasubiri.

Gita likafika juu, likasema yote,
hata noti mbili nisizowahi kuzijua,
na sakafuni hakikuanguka kitu.
Nikahisi kama mguu
umetafuta kidato cha ngazi gizani, haujakipata.

"Mbona mmenuna?" Fanueli akauliza.
Akaurudisha mwanzo, labda hatukuelewa.

Safari hii, gita lilipoanza kupanda,
Sikudhani akainuka.
Hakuaga. Akaenda kwa muuza chipsi wa pembeni,
akanyakua mfuniko wa karai,
akasimama katikati yetu, kichwa upande, anavizia,
akauachia kwenye saruji.

Paa!
Ukazunguka.
Muuza chipsi akatukana.
Ukazunguka.
Ukalala.

Yale maneno mawili hakuna aliyeyasema.
Tuliyaachia nafasi yake, wote, na Fanueli pia,
na humo ndani ya nafasi
yakapita manyanga.